Mficha Maradhi: Tiba ya Mazungumzo na ya Utulivu

Watu wazima wengi hufika hospitalini wakisema, "Nesi, sipati usingizi, moyo unanienda mbio, kichwa hakiachi kuuma." Vipimo vikionyesha hakuna kitu, hurudi nyumbani wakidhani wamerogwa au wanajidekeza. Sivyo. Huzuni nzito isiyoisha, yaani sonona, na wasiwasi uliozidi ni magonjwa, nayo yana tiba. Mbali na dawa, leo tujifunze tiba mbili.

1. Tiba ya kutafuta mzizi
Ilianzia Vienna, Austria, katika miaka ya 1890, kwa daktari Sigmund Freud. Msingi wake ni huu: uchungu uliofukiwa tangu utotoni haufi, bali hutokea kwa mlango mwingine. Mathalani, aliyeachwa na wazazi akiwa mdogo anaweza kumfokea mwenzi wake kila anapochelewa kurudi, asitambue kuwa hasira ile ni hofu ya zamani ya kuachwa tena. Mgonjwa huonana na mtaalamu, mara nyingi kila wiki, akasema yaliyomo moyoni bila kuhukumiwa. Polepole huliona jambo linalojirudia maishani mwake. Akishaliona, halimtawali tena kama zamani.

2. Tiba ya kuituliza akili
Jon Kabat-Zinn aliianzisha mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wa maumivu sugu. Mafunzo yake huchukua wiki 8. Mgonjwa hujizoeza kuyatazama mawazo yake bila kuyafuata. Likija wazo, "Mimi sifai," hujiambia, "Hili ni wazo tu, limekuja, litapita."
Baadaye tiba hii ilitengenezwa kwa watu ambao sonona huwarudia. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulihusu watu waliokuwa wamepona. Kati ya wale waliowahi kuugua mara 3 au zaidi, sonona iliwarudia 66 katika kila 100 waliopata huduma ya kawaida tu, lakini 37 katika kila 100 walioongezewa mafunzo haya.

Zoezi la nyumbani
Keti wima, miguu chini. Isikilize pumzi ikiingia na kutoka. Akili ikitangatanga, usijilaumu. Irudishe taratibu kwenye pumzi. Anza na dakika 5 kila siku. Ukiona linakuletea hofu au kumbukumbu mbaya, liache, umwone mhudumu wa afya.

Angalizo
- Usiache dawa ulizoandikiwa bila kumwuliza daktari.
- Anayesema amechoka kuishi asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.
- Mgonjwa wa sonona usimwambie, "Jikaze." Msikilize, kisha msindikize kwenye matibabu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Maradhi ya moyo nayo yasifichwe.

Swali la kujadili nyumbani: Katika familia yetu, mtu mwenye uchungu moyoni humwambia nani?