Kochi la Gugumaji: Jinsi ya Kulichagua na Kulitunza

Mkazi wa Kisumu hahitaji kuelezwa gugumaji ni nini. Mmea huu wenye asili ya Amerika Kusini ulianza kuonekana upande wetu wa Ziwa Victoria yapata mwaka 1990, na tangu hapo umewafungia wavuvi njia mara nyingi. Mabua yake hayo hayo, yakikaushwa na kusukwa, hutengeneza makochi, meza na vikapu. Somo hili ni la anayetaka kununua, na la aliyekwisha kununua.

Jambo kubwa ni ukavu. Zaidi ya tisa kwa kumi ya uzito wa bua bichi ni maji. Ndani, bua ni kama sponji, na hata baada ya kukauka hunyonya unyevu wa hewani. Fundi mwenye haraka akilifuma kabla halijakauka, ukungu huanzia ndani, mahali usipouona. Mwandishi wa somo hili aliwahi kununua kochi wakati wa masika, akivutiwa na bei. Kabla ya miezi miwili kuisha, msuko wa nyuma ulikuwa na madoa meusi na sebule nzima ilinuka uvundo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, sogeza pua nyuma ya kochi unuse. Bonyeza msuko kwa kidole gumba. Uliokauka huchakarika, ulio na unyevu hubonyea kimya na kuhisi baridi. Kisha lipindue kochi, hata kama fundi atakutazama vibaya. Msuko haubebi uzito peke yake, fremu ndiyo hubeba. Angalia viungo, ona kama ncha za msuko zimefichwa vizuri, na kama fremu ni ya mbao, tazama iwapo kuna unga laini karibu na matundu madogo. Huo unga ni kazi ya wadudu, na vanishi haiwaui.

Viti vya mafunjo navyo vina mashabiki wao, hasa wanaopenda kiti chepesi cha kukaa barazani. Hapa kuna la kuzingatia. Gugumaji ni gugu, hakuna atakayelililia likivunwa, ingawa tusidanganyane kwamba makochi yatalimaliza: katika hali nzuri huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Mafunjo ni tofauti. Kinamasi cha Dunga ni mazalio ya samaki, huchuja maji yanayoingia ziwani, na kuna ndege wanaotegemea mafunjo kuishi. Yakikatwa juu na mizizi kuachwa, huchipuka tena. Yakichomwa au kung'olewa ili pawe shamba, fundi na mvuvi wote hukosa. Wanaovuna nao wavae gambuti na glavu, kwa sababu konokono wa kichocho hupenda maji hayo yaliyotulia.

Nyumbani, weka kochi mbali na jua la moja kwa moja, maana msuko hukauka kupita kiasi na kukatika. Weka mbali na jiko na mishumaa pia. Ni nyasi kavu hiyo. Vumbi litolewe kwa brashi laini, si kwa ndoo ya maji. Ukungu ukitokea, changanya siki na maji kiasi sawa, pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha acha kochi penye upepo hadi likauke kabisa.

Sababu ya watu kuzipenda fanicha hizi kwa muda mrefu ni kwamba hutengenezeka. Pwani, kitanda cha kamba kikilegea huwambwa upya, hakitupwi. Kochi la gugumaji ni vivyo hivyo: kiti kikipasuka, fundi hufuma sehemu hiyo tu. Kabla hujaondoka kwake, mwombe aandike nambari yake ya simu kwenye mbao, chini ya kiti.