Amesoma, Lakini Ameelewa? Hadithi Mpya ya Kumfundishia Mtoto Ufahamu na Msamiati

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto wa Nshamba, wilayani Muleba mkoani Kagera, akishazimudu silabi anaweza kusoma kwa sauti karibu chochote utakachomwekea mbele: gazeti, tangazo la ofisi ya kijiji, hata maelezo yaliyo kwenye pakiti ya mbegu. Mzazi anayemsikia hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini sauti hiyo inayotiririka inaweza kumficha mtoto asiyeelewa hata nusu ya anachokisoma. Mwombe afunike kitabu akusimulie kilichotokea. Akinyamaza, au akirudia sentensi ya mwisho tu, umeshajua tatizo lilipo.

Dalili nyingine huonekana shuleni, kwenye maswali ya ufahamu. Swali likiuliza, "Kwa nini Asha alirudi nyumbani mapema?", mtoto hutafuta neno "mapema" ndani ya habari, akilipata ananakili sentensi nzima. Mara nyingine hupata alama hivyohivyo. Akifika darasa la sita au la saba, maswali yanapodai sababu na maoni, ujanja huo haumsaidii tena.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walilieleza jambo hili kwa hesabu ya kuzidisha. Kusoma kwa ufahamu, walisema, ni uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili uwe mkubwa namna gani. Mtaala wa Tanzania wa mwaka 2015, ulioweka mkazo wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) katika darasa la kwanza na la pili, uliusukuma mbele zaidi ule upande wa kwanza. Upande wa pili hauwezi kuachiwa shule peke yake, kwa sababu lugha hukua kwa mazungumzo, na mazungumzo mengi ya mtoto yako nyumbani.

Nyumbani Muleba, watoto wengi hukua na Kihaya. Hiyo ni mali, wala si kikwazo. Anayejua omwana, omuntu, omuti na embuzi ana njia fupi ya kufikia mwana, mtu, mti na mbuzi. Maneno yanayomkwamisha ni ya aina nyingine: kusihi, kuduwaa, kupumbaza, kumiminika. Hayasikiki sana gulioni wala kwenye mpira. Yanaishi zaidi vitabuni, na mtoto asiyeyapata huko hatayapata kwa urahisi kwingine.

Hapo ndipo hadithi ya kubuni ya kisasa inapofaa. Ninamaanisha hadithi yenye mifupa ya zamani, yaani mnyama anayesema, ahadi, jaribu na malipo, lakini iliyovikwa vitu ambavyo mtoto anaviona leo: sola, bodaboda, simu. Mifupa anaijua tayari kwa bibi yake. Vitu anavijua kwa macho yake. Kinachobaki kigeni ni maneno machache tu, na akili yake ina nafasi ya kuyashughulikia. Mpe mtoto huyohuyo hadithi ya binti mfalme anayekimbia thelujini kutoka kwenye ngome, naye atalazimika kupambana na neno na kitu kwa wakati mmoja. Wafasiri wamelijua hilo kwa muda mrefu: kitabu cha Lewis Carroll kuhusu msichana Alice kilipotoka kwa Kiswahili mwaka 1940 kama *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, Alice alikuja akiwa Elisi, msichana wa Kiafrika hata kwenye michoro. Hadithi za mbali zina wakati wake, na mtoto asinyimwe. Ila si za kuanzia.

Ifuatayo nimeitunga kwa ajili ya makala hii, kwa mtoto wa darasa la tatu au la nne. Inakili kwenye daftari, au iandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila.

Malkia wa Senene

Koku aliishi na bibi yake katika nyumba iliyozungukwa na migomba. Walikuwa na taa moja tu ya sola. Usiku mmoja wa Novemba mvua ilikatika ghafla, na senene wakamiminika kutoka angani. Lakini hawakutua kwa Koku. Wote walivutwa na taa kali za jirani yao, Bwana Mataa, aliyekuwa amesimamisha mabati marefu na mapipa makubwa kando ya barabara.

Koku alifungua daftari akaanza kazi yake ya shule. Mara senene mmoja wa rangi ya zambarau, mkubwa kuliko wote, akatua juu ya ukurasa.

"Nifiche, binti," alimsihi. "Mimi ni malkia. Zile taa zimewapumbaza watu wangu, nami karibu zinipumbaze."

Koku aliduwaa. Tumbo lake lilinguruma. Alitazama kikaango kilichokuwa jikoni, kisha akamtazama malkia. Polepole akalisimamisha daftari likawa kibanda kidogo, malkia akaingia. Koku akazima taa.

Asubuhi bibi alipiga ukelele. Migomba yote ilikuwa imeinama kwa uzito wa senene. Bwana Mataa alikuja mbio, simu mkononi. Mapipa yake yalikuwa matupu.

"Shikamoo, mama. Jana mlitumia taa ya wati ngapi?" akamuuliza bibi.

Koku akacheka, akaingia ndani kutafuta ungo.

Sasa tuifanyie kazi. Mara ya kwanza isome wewe, au dada au kaka mkubwa, kwa sauti ya msimulizi, huku mtoto akisikiliza bila kitabu. Usisimame kueleza maneno. Aipate hadithi nzima kwanza, acheke panapochekesha. Mara ya pili asome mwenyewe. Akikosea silabi na akajirekebisha, mwache. Akikosea neno linalobadilisha maana, msubiri amalize sentensi ndipo umuulize, "Hapo umesoma nini? Inaleta maana?" Mtoto anayekatizwa kila neno hujifunza kumwogopa msikilizaji wake.

Kisha maswali, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Anza na machache ambayo jibu lake limeandikwa wazi: Koku aliishi na nani? Walikuwa na taa ngapi? Haya humpa mtoto uhakika, lakini usiyageuze kuwa kazi nzima. Sogea haraka kwenye yale ambayo jibu halikuandikwa, ila dalili zake zipo. Bwana Mataa alisimamisha mabati na mapipa kwa kazi gani? Hadithi haisemi, lakini mtoto wa Bukoba au Muleba anajua: ni mtego wa senene. Kwa nini Koku alikitazama kikaango? Tumbo lililonguruma ndiyo dalili. Kwa nini alizima taa? Hapo mtoto arudi kwenye maneno ya malkia, aone kwamba taa ndiyo hatari yenyewe. Kwa nini alicheka mwishoni? Kwa sababu Bwana Mataa anadhani siri ni ukubwa wa taa, wakati usiku ule taa yao ilizimwa. Mtoto akilipata hilo mwenyewe, usoni utamwona.

Kila jibu lifuatwe na swali moja dogo: "Umejuaje?" Mtoto aweke kidole kwenye sentensi iliyomwonyesha. Zoezi hili moja, likifanywa kila jioni, linamjenga kuliko karatasi nzima ya maswali, kwa sababu linamzoeza kutoa ushahidi kwenye maandishi badala ya kubahatisha.

Yapo pia maswali ambayo hata wewe huna jibu lake, na hayo ndiyo matamu. Senene waliojaa migombani wataishia kikaangoni. Je, malkia aliwatoa watu wake waliwe ili kumlipa Koku? Hiyo ni shukrani au ni ukatili? Au alikuja kuwaaga? Mtoto akikuuliza hivyo, usimzime kwa kusema ni hadithi tu. Mwache abishane na ndugu zake. Anayebishana juu ya hadithi ameshaielewa.

Swali la "Hadithi hii inatufundisha nini?" liweke mwisho kabisa, au liache. Tunalipenda mno shuleni. Watoto wameshajua majibu yanayotakiwa, tusiwe wachoyo, tuwatii wakubwa, nao huyatoa hata kama hawakusoma mstari mmoja.

Tuje kwenye msamiati. Chagua maneno manne au matano, si ishirini. Yasiwe yale anayoyajua, kama nyumba na taa, wala yale adimu ambayo hatakutana nayo tena mwaka mzima. Chukua yale yatakayomrudia katika vitabu vingi. Kwa hadithi hii ningechukua kumiminika, kusihi, kupumbaza na kuduwaa. Usianze na kamusi. Mwambie abahatishe kwa kutazama maneno ya jirani: malkia yuko hatarini, anaomba afichwe, basi "kumsihi" ni kuomba namna gani? Atasema kuomba. Mwulize tena: kuomba chumvi kwa jirani ni kumsihi? Hapo ataona kwamba kusihi kuna unyenyekevu na uzito ndani yake. Tofauti hiyo ndiyo msamiati. Anayejua kwamba kusihi ni kuomba ana nusu tu ya neno.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia, kwa kuwa maneno yake huzaana. Mtoto anajua kumimina chai. Kutoka mimina tunapata miminika: chai humiminwa na mtu, senene na mvua humiminika vyenyewe. Kutoka hapo aone kumwaga na kumwagika, kuvunja na kuvunjika. Vivyo hivyo duwaa, duwaza, pumbaa, pumbaza. Neno moja likifunzwa hivi humfungulia mengine matano. Angalia pia neno "katika" katika hadithi hii. Koku aliishi *katika* nyumba, na mvua *ilikatika*. Mtoto anayesoma kwa sauti bila kuelewa atapita hapo pote sawasawa. Msimamishe, mwulize.

Kisha neno litumike nje ya hadithi, siku hiyohiyo na siku zinazofuata. Asubuhi mwambie, "Nakusihi usisahau kuchota maji." Jioni mwulize ni nini kilichomduwaza leo shuleni. Neno likisikika mara moja hupotea. Likirudi kwenye midomo ya watu wa nyumbani kwa wiki nzima, linakuwa lake. Anaweza kuwa na daftari dogo la maneno, lakini asiandike maana aliyoinakili. Aandike sentensi yake mwenyewe, au achore.

Najua nani atasema hapa kwamba hana elimu ya kufanya haya. Katika kata za Muleba watoto wengi wamelelewa na bibi na babu. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na vifo vilivyofuata viliwaachia wazee wajukuu. Ndiyo maana shirika la Kwa Wazee lilianza Nshamba mwaka 2003, likiwapa wazee pensheni ya kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa ajili ya wajukuu wanaowalea. Bibi asiyejua kusoma anaweza kufanya karibu kila kitu nilichokieleza hapo juu, kasoro kusoma tu. Mjukuu asome, bibi asikilize na kuuliza: "Kisha? Kwa nini? Umejuaje?" Aulize kwa Kihaya. Mtoto ajibu kwa Kihaya akitaka, kisha alirudie jibu lake kwa Kiswahili. Kufikiri kwa lugha ya nyumbani hakumrudishi nyuma. Kunamhakikishia kwamba amelielewa jambo, kazi iliyobaki ni maneno. Tena bibi ana ujuzi ambao hadithi haikuuandika: senene walivyokuwa wakikusanywa kabla ya taa za umeme, walivyochambuliwa, nani aligawiwa nini. Mtoto akiyaweka hayo kando ya hadithi mpya, anajifunza kulinganisha.

Wahaya wana utamaduni wa kusimulia unaofaa kabisa kwa kazi hii. Mmarekani Peter Seitel alizikusanya hadithi zao, na kitabu alichokitoa mwaka 1980 kilipata jina lake kutokana na itikio la wasikilizaji, wanaomtaka msimulizi aone ili nao waone. Fanya hivyo na mtoto. Baada ya aya moja mwulize anaona nini: daftari lililosimamishwa linafananaje? Mwanga unatoka wapi? Mwambie achore anachokiona kwa kijiti ardhini. Akimchora malkia ndani ya pipa, umegundua pale alipopotea bila kumpa mtihani.

Kwa mwalimu mwenye darasa lililojaa, karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani inatosha. Wagawe wanafunzi wawili wawili, mmoja asimulie, mwenzake atafute alichosahau. Kundi moja liigize Bwana Mataa anapofika asubuhi. Maswali mawili ya "Umejuaje?" kwa kipindi yanatosha.

Hadithi zikiisha, zipo nyingine bila gharama kubwa. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, zinazoruhusiwa kupakuliwa na kuchapishwa bure. Simu moja ya mwalimu inaweza kulisha darasa zima. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Anayekwenda Bukoba mjini apitie maktaba ya mkoa. Mtoto wa darasa la sita au la saba aliyeiva anaweza kujaribu *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, chenye majini na watu waliogeuzwa manyani, lakini asome na mtu kando yake, kwa maana Kiswahili chake ni kizito.

Na katika wiki ya pili, mpe mtoto kalamu. Aandike kilichotokea usiku uliofuata: Bwana Mataa akazima taa zake zote na kukaa gizani akisubiri. Sharti liwe moja, maneno manne ya wiki iliyopita yatokee humo. Usisahihishe tahajia siku hiyo. Kaa chini, mwambie akusomee, na akimaliza mwulize kwa nini malkia alikuja, au hakuja.