Nyaraka za Askofu Aliyefungwa

Mmekwisha kusoma nyaraka za Mtume Paulo zilizomo katika Agano Jipya. Baada ya mitume kufariki, makanisa hayakuacha kuandikiana, na baadhi ya nyaraka hizo zingalipo hata leo, ingawa hazikutiwa katika Biblia. Saba ziliandikwa na Ignatio, askofu wa Antiokia katika nchi ya Shamu, naye aliziandika safarini hali amefungwa minyororo, akipelekwa Rumi atupwe kwa wanyama wakali.

Eusebio, aliyeandika historia ya kanisa katika karne ya 4, asema kwamba mambo hayo yalikuwa zamani za Kaisari Traiano, aliyetawala tangu mwaka 98 hata 117. Askari kumi walimlinda. Ignatio awaita chui, maana kila walipotendewa wema walizidi ubaya. Walipotua Smirna, mji wa pwani ambao leo ndio Izmir katika Uturuki, wajumbe wa Efeso, Magnesia na Tralles walikuja kumwamkia, naye akayaandikia makanisa yao. Huko huko aliwaandikia Wakristo wa Rumi, tarehe 24 Agosti (mwaka hakuutaja), akiwasihi wasimzuilie kifo chake. Waraka huo ndio unaosifiwa sana kwa ushujaa wake. Lakini mwenye kutaka kujua sababu ya ushujaa ule, na asome nyaraka alizowaandikia watu wa Tralles na Smirna.

Siku zile walikuwako walimu waliosema kwamba Yesu hakuwa na mwili wa kweli. Waliona ni aibu Mwana wa Mungu kuona njaa, kutokwa na damu na kufa. Basi wakanena kwamba alionekana tu kuwa mtu, na mateso yake yalikuwa kama kivuli. Watu wa namna hiyo baadaye waliitwa Wadoketi, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kuonekana. Msidhani walikuwa wapagani. Walimtaja Yesu kwa heshima nyingi, na heshima hiyo iliyopita kiasi ndiyo iliyowapoteza.

Ignatio awajibu kwanza kwa kuyataja yaliyotukia: Yesu alizaliwa kweli, alikula na kunywa, alisulibiwa kweli zamani za Pontio Pilato, akafufuka, na wanafunzi wakamgusa. Neno hilo, kweli, alirudia tena na tena kama fundi apigaye msumari. Kisha awajibu kwa minyororo yake. Ikiwa Bwana aliteswa kwa kuonekana tu, auliza, mimi nimefungwa kwa nini? Kwa nini nitamani kupigana na wanyama? Kama ni hivyo, nafa bure, tena namshuhudia Bwana uongo. Hoja hii haikuandikwa na mtu aliyeketi salama barazani. Chuma kilichokuwa mikononi mwake hakikuwa cha kuonekana tu.

Katika waraka wa Smirna, aliouandika baada ya kuondoka mji ule, liko neno ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Awaambia wayaangalie matendo ya walimu hao: hawamjali mjane wala yatima, wala aliyefungwa, wala mwenye njaa na kiu, tena hujitenga na Karamu ya Bwana. Mambo hayo yahusianaje? Ignatio haelezi kwa maneno mengi, walakini si vigumu kufahamu. Mtu akiuhesabu mwili wa Kristo kuwa si kitu, mwili wa jirani yake utakuwa kitu gani machoni pake? Njaa ya mjane nayo ataiona kuwa kivuli.

Kutoka Smirna alipelekwa Troa, akaandika nyaraka tatu za mwisho: kwa kanisa la Filadelfia, kwa kanisa la Smirna, na kwa Polikarpo, askofu wa Smirna. Alitaka kuyaandikia na makanisa mengine, lakini ghafula ikambidi kupanda chombo kwenda Neapoli. Basi akamwomba Polikarpo ayaandikie badala yake. Akapita Filipi pamoja na askari wake. Baadaye Wafilipi walimwomba Polikarpo nyaraka za Ignatio, naye akawapelekea zote alizokuwa nazo, pamoja na waraka wake mwenyewe. Karibu na mwisho wake awasihi kwamba, wakiwa wamepata habari ya hakika ya Ignatio na wenzake, wamjulishe.