Hesabu ya Protini katika Chakula cha Kuku Kinachochanganywa Nyumbani

Mchanganyiko wa chakula cha kuku wa mayai, uwe wa Kayanga wilayani Karagwe au wa Nkwenda wilayani Kyerwa, hupangwa kwa kilo, si kwa debe. Debe la pumba za mahindi ni jepesi kuliko debe la mahindi yaliyoparazwa, na pumba zikishindiliwa hesabu yote huvurugika. Mizani hununuliwa kabla ya malighafi.

Uzito wa kila malighafi huzidishwa kwa asilimia ya protini yake, majibu hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa uzito wa mchanganyiko wote. Kwa kilo 100: mahindi kilo 34 yenye asilimia 8.5 hutoa kilo 2.89 za protini. Pumba kilo 29 zenye asilimia 10 hutoa 2.9; mashudu ya alizeti kilo 19 yenye asilimia 28 hutoa 5.32, dagaa kilo 9 wenye asilimia 55 hutoa 4.95. Chokaa ya mifugo kilo 8, pamoja na kilo 1 ya chumvi na virutubisho vya vitamini na madini, haziongezi protini. Jumla ni kilo 16.06, yaani asilimia 16, kiwango kinachomtosha kuku anayetaga.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Kazi iko kwenye asilimia 55 ya dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria walioanikwa mchangani huuzwa pamoja na mchanga wao. Protini yao ikishuka hadi asilimia 40, mchanganyiko mzima hubaki na asilimia 14.7, na mayai hupungua huku mfugaji akilaumu mbegu ya kuku. Kiganja cha dagaa kikikorogwa ndani ya maji, mchanga huzama na kuonekana. Kwa uhakika zaidi, sampuli hupelekwa maabara.

Chenga za maharage, ambazo hazikosekani wilayani Karagwe na Kyerwa, zina protini ya asilimia 20 na zaidi, lakini zikiwa mbichi zina sumu. Zipikwe kwanza. Maganda mabichi ya ndizi yana maji mengi: kilo 10 zikikauka hubaki kilo moja au kuzidi kidogo. Ng'ombe huyafaidi kuliko kuku.

Anayewauzia majirani huingia katika sheria ya mwaka 2010 inayosimamia nyanda za malisho na vyakula vya mifugo. Mnunuzi ana haki ya kujua viambato na tarehe ya kuchanganywa. Bei ya dagaa ikipanda na kipimo kikapunguzwa, hesabu hurudiwa na mnunuzi huarifiwa kabla hajalipa.