SOMO LA VIJANA: HAKATHONI NI KITU GANI?

Vijana kadhaa wamefika ofisini kuuliza maana ya neno "hakathoni", ambalo wanalisikia kwa wenzao wanaosoma vyuo vikuu. Somo hili ni la kuwajibu.

Hakathoni ni mashindano ya kazi. Wanafunzi hukusanyika kwa siku mbili au tatu na kujigawa katika vikundi vidogo. Kila kikundi huchagua tatizo moja na kutengeneza kifaa au programu ya kompyuta ya kulipunguza, kisha huonyesha kazi yake mbele ya waamuzi. Neno hili lilianza kutumika mwaka 1999, mafundi wa programu walipokutana Calgary, Kanada. Wazazi wasiogope, si mafunzo ya kuiba kwenye simu za watu.

Hakathoni yangu ya kwanza ilikuwa Jinja. Nilikuwa mkimbizi peke yangu kati ya wanafunzi wa chuo. Nilitaja ugomvi wa foleni ya maji kambini, nao wakakubali. Tulikesha tukitengeneza programu ya kugawa zamu, yenye rangi na picha. Mwamuzi mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza: "Mwanangu, hao akina mama wana simu za namna gani?" Nilinyamaza. Jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo: simu ndogo za tochi, pengine moja kwa nyumba nzima, na intaneti hakuna. Sikulisema usiku ule kwa kuwa wenzangu walijua kompyuta kuliko mimi, nikaona aibu kuwakatiza. Tulirudi mikono mitupu.

Ya pili ilikuwa Mbale, mji ulio chini ya Mlima Elgon. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika huko na kuua watu zaidi ya 20. Kikundi chetu kilichagua mafuriko. Safari hii nilisema mapema: kabla ya kuwasha kompyuta, twende mtoni. Muuza mboga mmoja akatuambia kuwa maji huja hata siku ambayo mjini hakuna tone la mvua, maana imenyesha mlimani. Basi kipimo tulichotaka kukiweka mjini kingechelewa. Tukabadili kazi yote: mtu wa juu akiona mto umepanda, anatuma ujumbe mfupi kwa namba moja, nao unawafikia wa chini wote, kwa simu yoyote. Hatukushinda, lakini waamuzi walituuliza maswali mengi, na yote tuliyajibu.

Msidhani siku mbili zinamaliza kazi. Brian Gitta wa Makerere alichoshwa na kutobolewa sindano kila alipopimwa malaria. Yeye na wenzake wakabuni Matibabu, kifaa kinachobanwa kidoleni na kupima kwa mwanga bila kutoa damu. Walihangaika nacho miaka kadhaa kabla ya kupata tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza mwaka 2018.

Faida kwetu ni ipi? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, lakini mwajiri huuliza vyeti, na wengi wetu tuliviacha njiani. Kazi uliyoitengeneza kwa mkono wako unaweza kumwonyesha. Tena unajifunza kueleza jambo kwa dakika tano mbele ya watu usiowajua, jambo ambalo shuleni hatukufundishwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutafanya hakathoni yetu ndogo katika ofisi ya jamii, kwa karatasi na kalamu, bila kompyuta. Wasichana waje pia, maana foleni ya maji wao ndio wanaoijua. Kila mmoja aje na tatizo moja, akiwa amekwisha kuzungumza na mtu linayemsumbua.