Je, Fimbo Hutoa Ukweli?



Kuna kikundi tulichokitembelea baada ya shilingi 6,400 kukosekana kwenye sanduku. Kijana aliyekuwa akiweka ufunguo alishikwa, akafungiwa ndani na kuchapwa. Kwanza alikana. Halafu akasema pesa amezifukia karibu na zizi. Walichimba, hakuna kitu. Alipochapwa tena akasema ziko kwa rafiki yake, basi huyo naye akaletwa akachapwa. Sisi tulikaa na mweka hazina, tukapitia daftari mstari kwa mstari. Kumbe pesa alikopeshwa mama mmoja aliyefiwa, na hakuna aliyeandika! Yule kijana sikio moja halisikii vizuri mpaka leo.

Kwa nini alisema uongo wa kujiumiza mwenyewe? Mtu anayeumia hutafuta neno la kukufanya uache kumpiga. Aliyeiba atalitafuta, na asiyeiba vilevile, nawe mwenye fimbo huwezi kuwatofautisha. Tena maswali yako ndiyo yanamfundisha. Ukimwuliza, "Ulimpa nani?" umeshamwambia unataka jina, naye atakupa jina. Ni kweli, wengine wakipigwa husema kweli. Lakini hutajua mpaka uende ukachunguze, na kazi hiyo ungeanza nayo.

Jambo hili si geni. Mwaka wa 866 Papa Nikolao wa Kwanza aliwaandikia Wabulgaria, waliokuwa wachanga katika imani, kuhusu desturi yao ya kumpiga mwizi mpaka akiri. Aliwauliza kama hawaoni aibu wakimtesa mtu na wasipate kitu, na ni nani mwenye kosa ikiwa mtu ameshindwa na maumivu akajisingizia. Tusifiche, mwaka wa 1252 Papa mwingine, Inosenti wa Nne, aliruhusu mateso kwa walioshukiwa uzushi. Hata Kanisa lilisahau.

Hapa Kenya, kuanzia 1986 washukiwa wa Mwakenya walifungiwa vyumba vya chini ya Nyayo House, Nairobi. Walipigwa, wengine wakawekwa kwenye maji. Wengi walikubali mashtaka kortini bila wakili, wakafungwa. Mwaka wa 2010 Mahakama Kuu iliamuru watu 21 walioteswa humo walipwe fidia. Katiba ya mwaka huo huo, kifungu cha 49, inakataza aliyeshikwa kulazimishwa kukiri.

Pesa zikikosekana kwenu, anzeni na daftari na risiti. Kisha kila aliyegusa sanduku aulizwe peke yake, bila vitisho, aeleze siku ile kuanzia asubuhi. Msimtajie jibu. Linganisheni maelezo yao, na yasipopatana mwulizeni tena kwa upole. Ikionekana kweli kuna wizi, mwiteni chifu au polisi, na mshukiwa afike huko akiwa mzima.

Ya kujadiliana: Je, kwenu kuna mtu aliyewahi kuchapwa kwa kosa ambalo baadaye lilionekana si lake? Kikundi kilimwomba msamaha?