Dawa ya Nywele na Chupa Isiyo na Jina

Ndugu zetu wa Gurei, nanyi mnaoishi kandokando ya mpaka hadi Nimule, somo letu lahusu jambo ambalo wengi hulionea haya: kunyonyoka kwa nywele, na dawa za kupaka zinazouzwa ili kuziotesha.

Ijulikanayo zaidi ni minoksidili. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa walipoota nywele mwilini, wataalamu wakatengeneza ya kupaka, nayo Marekani ikaiidhinisha mwaka 1988. Asili hiyo tusiisahau, kwani dawa ya kushusha shinikizo haigeuki kuwa mafuta ya kawaida kwa kutiwa katika chupa nzuri. Mtoto akiinywa, hata kidogo, shinikizo lake huweza kushuka kwa hatari. Mkimbizeni hospitalini, na chupa mwende nayo.

Mtu mzima hupaka kwa kipimo kilichoandikwa, aghalabu mililita moja asubuhi na moja jioni, juu ya ngozi kavu isiyo na kidonda, kisha hunawa mikono. Kuzidisha hakuharakishi kitu. Majuma ya kwanza nywele huweza kudondoka zaidi. Matokeo huhitaji miezi minne hivi, na mtu akiacha, alichokipata hupotea. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie. Moyo ukienda mbio, kichwa kikizunguka au miguu ikivimba, acha kupaka, umwone daktari.

Wala si kila kichwa chahitaji dawa hii. Mapunye ya watoto huletwa na kuvu, na hutibiwa kwa dawa ya kumeza kama griseofulvini, itolewayo na mhudumu wa afya. Na mwanamke aliyekatika nywele pembezoni mwa paji kwa kusukwa kwa kukazwa mno, tiba yake ya kwanza ni kufumua. Hiyo haiuzwi dukani, ndiyo maana hakuna muuzaji anayeitaja.

Chupa isiyo na jina la dawa, kiwango chake cha asilimia, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, msiinunue, hata muuzaji akiapa kwamba imetoka Kampala au Nairobi. Krimu nyingine hutiwa steroidi kali kama klobetasoli, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba. Kukagua dawa ni kazi ya Mamlaka ya Udhibiti wa Dawa na Chakula. Sisi polisi hupokea taarifa zenu. Aliyenunua kwa kudanganywa si mhalifu machoni petu. Na aje na chupa yake, ijapokuwa tupu.